Mashine ndogo ya CNC inapogoma: Pa kuanzia kabla ya kuagiza bodi mpya

MASHINE ndogo za kuchonga zinazoongozwa na tarakilishi, maarufu kama CNC, zimeacha kuwa mali ya viwanda vikubwa pekee. Si ajabu siku hizi kuikuta moja juu ya meza ya seremala, kwa mtengenezaji wa mabango au katika chumba cha mwanafunzi wa uhandisi. Iliyoenea zaidi ni ile iitwayo 3018, jina linalotokana na eneo inaloweza kulichonga: takriban sentimita 30 kwa 18. Hutengenezwa China na viwanda vingi tofauti, huuzwa ikiwa vipande vipande, na mnunuzi huiunga mwenyewe.

Hata hivyo, rahisi ina gharama zake. Haupiti muda kabla ya mashine kuanza kusimama katikati ya kazi, herufi kupinda, au upande mmoja wa mchoro kuhama milimita kadhaa na kuharibu ubao uliokuwa umekaribia kukamilika. Mwenye mashine, ambaye pengine amekwisha kupokea rubuni ya mteja, huamua kwamba "ubongo" umeharibika na kuagiza bodi mpya. Bodi hufika, hufungwa, na hitilafu hubaki pale pale. Katika mashine za aina hii, chanzo cha matatizo aghalabu si bodi yenyewe bali umeme unaoilisha, nyaya zinazotoka kwake na vipimo vilivyoandikwa ndani yake. Hayo yote hukaguliwa kwa maltimita ya kawaida, bisibisi na subira.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mashine ya kukata chuma kwa kufuata nambari ilionyeshwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, mnamo 1952, wakati ambapo vifaa vyake vya elektroniki vilijaza makabati mazima. Kilichoishusha hadi mezani ni pamoja na programu huria ya Grbl, iliyoanzishwa mwaka wa 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway. Programu hiyo hukaa ndani ya chipu ya ATmega328P, ile ile inayotumika katika bodi nyingi za Arduino, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi. Tarakilishi hutuma amri mstari baada ya mstari kupitia waya wa USB. Grbl huzifasiri amri hizo kuwa mapigo mafupi ya umeme, na viendeshi vitatu huyapokea mapigo hayo na kuzungusha mota tatu: X ya kushoto na kulia, Y ya mbele na nyuma, na Z ya juu na chini.

Mota hizo huzunguka kwa hatua, 200 kwa kila mzunguko. Kiendeshi huigawa kila hatua mara 16, hivyo mzunguko mmoja hudai mapigo 3,200. Skrubu ndefu inayosukuma meza, katika 3018 nyingi, husogeza mzigo milimita 4 kwa mzunguko. Ukigawanya 3,200 kwa 4 unapata 800, yaani mapigo 800 kwa kila milimita. Nambari hii haina budi kukumbukwa kwani itarejelewa tena.

La kuzingatia zaidi ni kuwa mashine hii haina macho. Bodi hutuma mapigo na kuamini kwamba mota imetii. Mota ikikwama kwa nukta moja tu, bodi haipati habari. Itaendelea kuchonga kutoka mahali inapodhania kuwa ipo. Ndiyo maana mashine iliyopoteza hatua haitoi onyo lolote wala ujumbe wa hitilafu. Huchonga kwa ujasiri ule ule, ila pasipofaa.

MKONO KWANZA

Kabla ya kugusa waya wowote, umeme uzimwe na plagi ing'olewe. Kisha kila skrubu izungushwe kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari yake. Ikiwa laini pande zote, vyema. Ikiwa nzito mahali fulani, fremu imepinda au nati imekazwa kupita kiasi, na hakuna kifaa cha elektroniki kitakachotibu ugonjwa huo.

Kiungo kinachounganisha mhimili wa mota na skrubu nacho hustahili kutazamwa. Hushikiliwa na skrubu ndogo mno ambazo hulegea kwa mtetemo. Zikilegea, mota huzunguka huku skrubu ikibaki nyuma, na matokeo yake hufanana kabisa na kasoro ya bodi. Alama ya kalamu ya wino ipigwe kwa mstari mmoja juu ya mhimili, kiungo na skrubu. Baada ya kazi ya nusu saa, mstari ule ukiwa umekatika, mshtakiwa amepatikana.

Hatua inayofuata ni umeme. Mashine nyingi za 3018 hutumia volti 24 zinazotoka kwenye kijisanduku cha kubadilishia umeme wa ukutani. Kupima volti hizo mashine ikiwa imetulia hakutoshi. Zipimwe mota ya kukatia ikiwa imezama ndani ya mbao, kwenye vituo vya bodi yenyewe wala si kwenye plagi ya kijisanduku. Zikishuka kutoka 24 hadi chini ya 20, ama kijisanduku kimelemewa ama kuna kiungo kibovu njiani. Viungo hubainika kwa joto: kituo cha waya kilichobadilika rangi au kinachonuka plastiki iliyoungua kina upinzani, na upinzani huo ndio unaokula volti.

Kuna kosa moja ambalo mafundi wengi hulifanya kwa nia njema. Ncha ya waya wa nyuzi nyingi hupakwa risasi ya kulehemu kabla ya kubanwa kwa skrubu, ili isitawanyike. Risasi ni laini. Ikibanwa huendelea kutandazika polepole, na baada ya majuma kadhaa skrubu iliyokuwa imekazwa barabara huwa imelegea. Dawa ni kijifuko cha shaba cha kubania ncha za nyaya, au kuuacha waya bila risasi na kuukaza upya mara kwa mara.

KUBADILISHANA SOKETI

Tuseme sasa upande wa X unagoma: mota yake hunguruma na kutetemeka bila kuzunguka. Kuna washukiwa watatu, yaani mota, waya wake na kiendeshi kilicho kwenye bodi. Jaribio la kuwatenganisha halina gharama yoyote. Umeme ukiwa umezimwa, waya wa mota ya X uchomolewe na kuchomekwa kwenye soketi ya Y, na wa Y uchomekwe kwenye soketi ya X. Mashine iwashwe na kuamriwa isogee milimita 10 kila upande. Ugonjwa ukihama pamoja na mota, tatizo liko kwenye mota au waya. Ukibaki kwenye soketi ile ile, kiendeshi ndicho kibovu.

Sharti la kuzima umeme kwanza si mapambo. Mota ya hatua hubeba mkondo ndani ya koili zake hata ikiwa imesimama, na kuichomoa ghafla huzua msukumo wa volti unaoweza kuua kiendeshi papo hapo. Waya uliolegea kwenye soketi hufanya uharibifu huo huo taratibu, bila ya mtu kuugusa.

Ikiwa lawama imeangukia mota au waya, maltimita iwekwe kwenye omu. Mota hizi huwa na nyaya nne za koili mbili. Kila jozi inapaswa kuonyesha omu chache, na jozi hizo mbili zikaribiane. Kati ya koili moja na nyingine kusiwe na njia kabisa. Anayekosa maltimita anaweza kugusisha nyaya mbili za mota iliyochomolewa kisha kuuzungusha mhimili kwa vidole. Ukiwa mzito ghafla, nyaya hizo ni za koili moja. Waya unaokatika huwa na tabia ya kukatikia pale unapojikunja mashine inapotembea, hivyo vipimo vifanywe huku waya ukichezwachezwa.

MKONDO WA KIENDESHI

Kiendeshi kilichoenea katika mashine hizi ni A4988, au nakala yake. Ni chipu ndogo kuliko ukucha, na chini ya bati lake la kupozea joto hupitisha mkondo wote wa mota. Ukiwa mdogo mno, mota hukosa nguvu na kupoteza hatua inapokutana na fundo la mti. Ukiwa mkubwa mno, chipu hupata joto hadi ulinzi wake wa ndani unapoizima, ikapoa kidogo na kuwaka tena. Mota huwa imelegea kwa muda huo mfupi, bodi haijui lolote, na kazi yote iliyosalia huchongwa ikiwa imehama. Mashine inayofanya vyema kwa dakika 20 za kwanza na kuharibu baadaye ishukiwe kwanza kwa kosa hili.

Mkondo hurekebishwa kwa skrubu ndogo iliyo kando ya chipu, na hupimwa kwa volti za rejea. Hesabu yake ni hii: volti za rejea ni sawa na 8 mara ampea zinazotakiwa mara omu za rezista ya kupimia. Rezista hizo ni vile vijipande viwili vilivyo karibu na chipu. Kikiwa kimeandikwa R100, ni omu 0.1, na ampea 1 itapatikana kwa volti 0.8. Kikiwa kimeandikwa R050, ni omu 0.05, na volti zinazohitajika kwa ampea hiyo moja ni 0.4 tu.

Hapa ndipo wengi huunguza viendeshi. Husoma mahali kwamba volti 0.8 ndizo sahihi, wakaziweka kwenye kiendeshi chenye R050, na mkondo ukawa ampea 2 badala ya 1. Chipu hiyo bila bati la kupozea na feni haivumilii zaidi ya ampea 1 hivi kwa muda mrefu. Bodi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na rezista tofauti, hivyo maandishi yasomwe kwa kioo cha kukuzia na si kukisiwa. Bisibisi inayotumika nayo iwe ya plastiki au kauri, kwani ya chuma ikiteleza huunganisha yasiyopaswa kuunganishwa.

Katika bodi nyingine viendeshi huchomekwa na kuchomolewa. Kwa nyingine, hasa zile zilizokuja na mashine, vimelehemewa moja kwa moja. Mwenye bodi ya aina ya pili akiunguza kiendeshi kimoja, kwa kweli hana budi kununua bodi, na ni katika hali hiyo tu ndipo ununuzi ule wa haraka unapokuwa na maana.

KELELE ZISIZOSIKIKA

Hitilafu inayowatoa watu jasho kuliko zote ni ya mashine inayosimama ghafla, huku tarakilishi ikitangaza kuwa imepoteza mawasiliano. Ikiwashwa upya hufanya kazi bila lawama, kisha husimama tena mahali pengine. Hapana mpangilio wowote, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni bodi au hata ni virusi.

Aghalabu ni mota ya kukatia. Mota hiyo, ya aina iitwayo 775, hutumia brashi za kaboni zinazogusa sehemu inayozunguka. Kila zinapogusa hutoa cheche, na kila cheche hutawanya kelele za umeme katika nyaya zote zilizo jirani. Waya wa USB hubeba ishara za volti chache tu, na kelele hizo zikiuingia, tarakilishi huona kana kwamba kifaa kimechomolewa.

Jaribio la kuthibitisha ni jepesi. Kazi ile ile ichezwe hewani, kekee ikiwa imeinuliwa mbali na ubao na waya wa mota ya kukatia ukiwa umeondolewa. Ikikamilika mara mbili tatu bila kukatika, bodi haina hatia.

Tiba huanzia kwenye chanzo. Kapasita ndogo ya kauri ya nanofaradi 100, iliyolehemewa kati ya vituo viwili vya mota, humeza sehemu kubwa ya cheche hizo. Nyaya za mota zisokotwe pamoja na kupitishwa mbali na USB. Waya wa USB wenyewe uwe mfupi, wenye ngao ya chuma, na uvishwe pete ya feraiti kwenye ncha iliyo karibu na bodi. Kwa mwenye uwezo, kifaa cha kutenganisha USB hukata kabisa njia ya umeme kati ya tarakilishi na mashine huku kikiacha ujumbe kupita. Vilevile, tarakilishi izuiwe kulala au kuzima milango yake ya USB kwa kisingizio cha kubana matumizi ya betri. Kosa hili la mwisho halina uhusiano wowote na kelele, lakini dalili zake ni zile zile.

Swichi za kikomo, yaani zile zinazoiambia bodi kuwa meza imefika ukingoni, huathiriwa na kelele hizo pia. Waya mrefu usio na ngao hugeuka antena, na Grbl husimamisha kila kitu kwa onyo la ALARM:1 ilhali hakuna kilichogusa swichi. Waya wenye ngao iliyounganishwa na ardhi upande mmoja pekee, pamoja na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye mlango wa bodi, hutosha kwa mashine nyingi. Swichi zinazokaa zikiwa zimefungwa na kufunguka zinapoguswa ni bora kuliko kinyume chake, kwani waya wake ukikatika mashine husimama badala ya kugonga ukuta.

VIPIMO VILIVYO NDANI YA BODI

Amri ya $$ huifanya Grbl iorodheshe vipimo vyake vyote. Orodha hiyo inakiliwe na kuhifadhiwa siku ya kwanza, kabla ya jambo lolote jingine. Waliopuuza hili ndio hao wanaozunguka wakiulizana kipimo cha kiwandani baada ya kufuta kila kitu.

Vipimo vya $100, $101 na $102 ni mapigo kwa milimita, na kwa 3018 ya kawaida vyote huwa 800. Mashine ikiamriwa kusogea milimita 100 ikasogea 98, na ikirudia mara tano ikapata 98 zile zile, kipimo ndicho chenye kasoro: cha zamani kizidishwe kwa 100 na kugawanywa kwa 98. Iwapo mara ya kwanza imepata 100, ya pili 99 na ya tatu 96, hatua zinapotea, na kubadilisha nambari ni kuupaka ugonjwa rangi. Tofauti hii kati ya kosa linalojirudia na kosa linalohamahama ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko kifaa chochote cha kununuliwa.

Hatua zikipotea katika mwendo wa kasi pekee, $110 hadi $112 zinazoweka kasi ya juu, na $120 hadi $122 zinazoweka uharaka wa kuongeza mwendo, zipunguzwe kwa nusu na kupandishwa polepole. Kasi nayo ina kikomo chake ndani ya chipu. Grbl katika ATmega328P hutoa mapigo yapatayo 30,000 kwa sekunde. Kwa mapigo 800 kwa milimita, hiyo ni milimita 37.5 kwa sekunde, sawa na milimita 2,250 kwa dakika, na mota zenyewe hukosa nguvu kabla ya kufika hapo.

MOTO NA KITUFE CHA KUSIMAMISHA

Haya yote yangekuwa suala la mbao zilizoharibika tu, kama si tabia moja ya mashine hizi. Mawasiliano ya USB yanapokatika, bodi humaliza amri chache zilizobaki katika hifadhi yake na meza husimama. Mota ya kukatia haisimami, kwa kuwa hakuna aliyeiamuru kusimama. Kekee huendelea kuzunguka mahali pamoja ndani ya mbao kavu, na msuguano huleta moshi, kisha makaa. Aliyefunga kichwa cha leza badala ya kekee yumo hatarini zaidi: leza iliyowashwa kwa amri ya M3 hubaki ikiwaka juu ya nukta moja. Kwa kazi za leza, $32 iwe 1 na amri iwe M4, ambayo huizima leza kila meza inaposimama. Miwani inayolingana na rangi ya leza hiyo ivaliwe na kila aliye chumbani, siyo mwendeshaji pekee.

Isitoshe, transista inayowasha mota ya kukatia ikiungua, mara nyingi huungua ikiwa imefunga njia. Mota huanza kuzunguka punde umeme unapowashwa, bila amri yoyote, pengine vidole vikiwa vinabadilisha kekee. Kitufe cha kusimamisha kilichochorwa kwenye skrini ya tarakilishi hakifai kitu hapa, kwa kuwa hutegemea waya ule ule wa USB uliokatika na transista ile ile iliyoungua. Kitufe chenye maana ni kile chekundu cha kubonyeza kinachokata volti 24 zenyewe kabla hazijafika kwenye bodi, na kinachobaki kimezama hadi kizungushwe. Ni kifaa cha bei ndogo na kinapaswa kutangulia maboresho mengine yote. Kando yake fyuzi ifungwe, na kekee ibadilishwe plagi ikiwa imeng'olewa.

Kuna suala la ardhi pia. Plagi zinazokuja na mashine hizi mara nyingi ni za pini mbili bapa, na mnunuzi huzichomeka kwenye adapta ili ziingie katika soketi ya Kenya ya volti 240 yenye mashimo matatu ya mraba. Mashine hufanya kazi, lakini fremu yake ya aluminiamu haina njia ya kwenda ardhini. Wenye vijisanduku vya umeme vyenye vituo vya wazi watie waya wa nyuzi tatu, ule wa kijani na manjano ufungwe kwenye alama ya ardhi, na mwingine utoke hapo hadi kwenye fremu. Asiye na uzoefu wa umeme wa ukutani amwachie fundi mwenye leseni.

MABORESHO YANAYOFAA

Baada ya mashine kutulia ndipo maboresho yanapoanza kuleta faida. Katika nchi ambako umeme hukatika bila taarifa, la kwanza baada ya kitufe ni swichi za kikomo kwa mashine iliyouzwa bila hizo. Umeme ukikatika, mashine husahau ilipo. Yenye swichi, na $22 ikiwa 1, huamriwa $H ikarudi kwenye kona yake kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Kwa kuwa Grbl huhifadhi mahali pa kuanzia kazi, yaani G54, katika kumbukumbu isiyofutika, ubao ambao haujaondolewa mezani unaweza kuendelea kuchongwa kutoka mstari ulipoishia. Bila swichi, ubao huo huwa kuni.

Viendeshi vya TMC2208 na TMC2209 huondoa mlio wa mota karibu kabisa, na kwa wanaofanya kazi usiku nyumbani hiyo ni neema kwa majirani. Hata hivyo, hali yao ya ukimya hupungukiwa na nguvu kasi inapopanda. DRV8825 nayo huvutia kwa kuwa hugawa hatua mara 32, lakini ikichomekwa mahali pa A4988 bila kugusa vichagua hatua, mapigo kwa milimita huwa 1,600 na kila mchoro hutoka nusu ya ukubwa wake. Tena skrubu yake ya mkondo hukaa upande tofauti na ile ya A4988. Aliyezoea kuitumia skrubu hiyo kama alama ya mwelekeo huigeuza chipu, na kugeuza chipu ni kuiua.

Bodi mpya, kwa wanaoihitaji kwa dhati, ni zile zinazotumia chipu ya ESP32 na programu ya FluidNC, au chipu nyingine za biti 32 na programu ya grblHAL. Nyingi huruhusu kazi kusomwa kutoka kadi ndogo ya kumbukumbu, hivyo waya wa USB na matatizo yake huondoka. Ikumbukwe kwamba ESP32 huzungumza kwa volti 3.3, ilhali swichi na vifaa vya zamani huzungumza kwa 5. Volti 5 zikiingizwa moja kwa moja kwenye pini yake huweza kuiharibu. Kwa upande mwingine, viendeshi vikubwa vya nje huenda visitambue mapigo ya volti 3.3 pasipo saketi ya kuyapandisha.

Wapo pia walionunua kwa mkono wa pili mashine kubwa kidogo za zamani, zenye bodi ya buluu ya chipu za TB6560 na soketi pana ya printa. Chipu hizo hudai volti 5 za mantiki zitangulie na za mota zifuate. Mpangilio ukigeuzwa, zinaweza kuungua siku hiyo hiyo. Tarakilishi mpya hazina soketi ya printa, na kiendeshi-programu cha soketi hiyo katika Mach3 hakifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. LinuxCNC kwenye tarakilishi kuukuu ni njia ya kuendelea nazo. Njia bora zaidi ni kuiondoa bodi nzima na kumpa kila mota kiendeshi chake cha nje, kwani mota na fremu za mashine hizo kwa kawaida ni imara kuliko vifaa vilivyowekwa kuziendesha.

Mota kubwa zaidi ya kukatia isilishwe kupitia bodi ndogo. Ipewe kijisanduku chake cha umeme, na bodi iiwashe kupitia rilei au kidhibiti chake.

Baada ya kila badiliko, na liwe moja kwa wakati mmoja, mashine ipewe mtihani. Mraba wa milimita 100 uchongwe kwenye kipande cha plaiwudi na pande zake nne zipimwe, pamoja na mistari miwili ya kona kwa kona, ambayo kila mmoja unapaswa kuwa milimita 141.4. Kisha kekee irudishwe mahali ilipoanzia, kazi ndefu ya saa nzima ichezwe hewani mota ya kukatia ikiwa imewashwa, na mwishoni ncha ya kekee irudi kwenye tundu lile lile. Ikirudi pembeni ya tundu, badiliko la mwisho liondolewe na upimaji uanze upya kwenye volti 24.